Karai la Odeta

Kijiwe chetu cha Mkolani kina benchi moja, birika la kahawa la Abdillah na watu wasiokosa maoni. Nestory, fundi baiskeli, tunamwita Profesa. Shimba wa bodaboda ni Breki, kwa sababu pikipiki yake haina. Makame, muuza kanga, ni Balozi. Ng'ambo ya barabara Odeta hukaanga mapanki, mifupa ya sangara inayobaki viwandani minofu ikishatolewa. Ana wateja wengi kuliko duka lolote mtaani. Jumatatu hiyo tulikuta karai ni lile lile, jiko ni lile lile, ila anayekaanga ni Kashindye.

Kashindye kila mtu anamjua. Alikuwa mfanyakazi wa ndani, akaiba, akafungwa. Tangu atoke gerezani hakuna aliyempa hata nguo za kufua.

— Odeta kauza biashara, alisema Breki.

— Amuuzie yule? Kwa hela gani? Balozi akauliza. Huyo Odeta kapata mzungu, wallahi. Wiki ijayo utamwona na gari.

— Acheni fiksi, akasema Profesa. Mnajua kabla ya hapa alikuwa Buhongwa? Biashara ilipochanganya, akamwachia mama mmoja bubu, akaondoka. Kabla ya Buhongwa alikuwa Igoma. Kule akamwachia mjane. Mtu mwenye akili haachi wateja.

— Basi anautaka udiwani, alisema Breki. Anapanda kura kila kata.

— Udiwani wapi! Profesa akadakia. Ana kitu cha ziwani. Kinamwambia hama, anahama. Akigoma, kinamla.

Balozi akasogea mbali na Profesa, kama hicho kitu kingemsikia.

Tukacheka. Lakini ng'ambo hakukuwa na kicheko. Wateja walikuja, wakamwona aliyeshika mwiko, wakageuka. Mama mmoja alimvuta mwanawe mkono kabisa. Kashindye aliendelea kugeuza samaki ambao hakuna aliyewaagiza, kainamisha uso, jasho linamtoka.

Ndipo Odeta akatokea. Kichwani alibeba sufuria mpya, mkononi kamshika mjukuu wake. Alitua mzigo, akakaa kwenye kibenchi cha wateja, kama mgeni.

— Dada, nipe panki. Weka na pilipili.

Kashindye akampa kwa mikono miwili. Odeta akanyofoa nyama, akaitazama barabara nzima, halafu akaanza kumlisha mjukuu. Akamlisha mpaka mtoto akalamba vidole. Kisha akala mwenyewe, taratibu, akifyonza mfupa mmoja mmoja.

— Ongeza, dada! alisema kwa sauti ya kusikika mpaka kwetu.

Kondakta mmoja akasimama. Akaagiza. Fundi mwashi naye akaja. Muda si mrefu foleni ilifika kwenye nguzo ya umeme. Odeta alinawa, akalipa kama wengine, akabeba sufuria yake, akamshika mjukuu, akashika njia ya stendi. Hakugeuka nyuma.

Abdillah alikuwa amesimama na birika, kahawa inamwagika chini, hana habari.

Foleni ilipopungua tulivuka sote. Balozi ndiye aliyeuliza:

— Dada Kashindye, mwenzio kaenda wapi?

— Kiseke. Anaanza upya.

— Kwa nini msikae wote hapa?

— Nilimwomba hivyo hivyo. Akasema karai moja likiwa na watu wawili, mmoja atakuwa kibarua. Akasema, "Mimi sitafuti kibarua, natafuta jirani." Kashindye akajifuta macho kwa kanga. Mwezi mzima kanifundisha nyumbani kwake, kuanzia kuchagua samaki mpaka kuvumilia maneno. Sikujua kama karai pia ananiachia.

Breki akavua kofia. Hata Profesa hakukitaja tena kitu cha ziwani.

Kwenye foleni alibaki mama mmoja tu, mgeni kwetu, mtoto mgongoni, beseni tupu mkononi.

— Shikamooni, alisema kwa wazee.

— Marahaba.

— Naitwa Rebeka, nimehamia juzi. Nimesikia yote, hata ya kijiweni kwenu. Huyo mama kawapa wenzake kazi Igoma, Buhongwa, na hapa. Na yeye, nani alimpa karai la kwanza?

Tukamtazama Profesa. Profesa akamtazama Kashindye. Kashindye akatikisa kichwa.

— Sijui, dada. Sikuwahi kumuuliza.

Miaka yote tumekula kwa Odeta, tumemjadili kuliko mpira, na swali hilo halikuwahi kupita midomoni mwetu.

— Basi nikamuulize mwenyewe, alisema Rebeka. Na mimi nina mikono. Kiseke ni mbali?

Breki alikuwa tayari ameshapanda pikipiki.

— Kaa vizuri, mshike mtoto. Leo nitakwenda polepole.