Uzi wa Kijani wa Namba Kumi na Moja

Leo Ijumaa, tarehe 29 Mei 2026, Mama Thérèse Kapya anastaafu baada ya kukitumikia Kiwanda cha Mablanketi cha Haldersley kwa miaka ishirini na tisa, miezi miwili na siku ishirini na sita. Nimehesabu mwenyewe, kwa sababu ukurasa wa Kiingereza umeandika "takriban miaka thelathini", na Mama Thérèse hajawahi kufanya kitu kwa takriban.

Ofisi iliniomba nusu ukurasa, maneno ya furaha na picha moja. Picha ndiyo hiyo hapo juu. Nusu ukurasa hautoshi, na furaha sina. Bahati nzuri ukurasa wa Kiswahili wa jarida letu hakuna anayeusoma kule ofisini. Wanahesabu mistari, wanapeleka kwa mchapaji. Basi nitasema yote.

Mama Thérèse alizaliwa Likasi, Kongo. Alifika Johannesburg Januari 1997 na mwanawe Gaël mgongoni, akitafuta binamu wa Doornfontein ambaye alikuwa ameshahama bila kuaga. Akasuka nywele za watu wiki sita kwenye ngazi za jengo moja. Tarehe 3 Machi akaingia getini kwetu akaomba kazi yoyote, akapelekwa chumba cha ukaguzi, na huko akabaki hadi leo.

Kwa wageni wasiokijua chumba hicho: blanketi likitoka kwenye mtambo wa kufuma hutandazwa juu ya ubao ulioinama mbele ya dirisha. Mkaguzi hulipapasa lote kwa kiganja. Akikuta fundo hulitoa kwa kibanio, akikuta uzi umeruka huurudisha kwa sindano, mmoja mmoja, mpaka usijue palikuwa na kasoro. Akiridhika hushona alama yake kwenye kona ya chini kulia. Kila mkaguzi ana yake. Ya Bushra ni mistari miwili myekundu. Ya Mama Thérèse ni mishono mitatu ya uzi wa kijani na mmoja unaoikata katikati. Na sheria ni moja tangu kiwanda kijengwe: kisicho na alama hakitoki getini.

Mwaka 2009 lori la mablanketi mia nne lilikuwa limeshawashwa Mama Thérèse aliposema moja halina alama. Msimamizi akasema haiwezekani. Dereva akapiga honi. Yeye akasimama mbele ya lori, mikono kiunoni, na aproni yake. Ikabidi mablanketi yashushwe yote, na la mia tatu na kitu lilikuwa tupu kama alivyosema. Dereva alimwomba radhi kwa soda ya baridi. Msimamizi hajamwomba radhi mpaka leo, na tayari ameshastaafu kwa sherehe kubwa kuliko hii.

Mimi mwenyewe sikusalimika. Ni fundi wa mitambo, mtu wa Tanga, na watu wa Tanga hatupendi kukosolewa. Siku moja nilitangaza kwamba mtambo namba nne, mkongwe wa 1898, umepona kabisa. Baada ya saa moja likaja blanketi lililochorwa chaki penye kasoro, na ujumbe wa mdomo: "Mwambieni Burhani ule mgonjwa wake angali anakohoa." Nikabisha. Nikaufungua mtambo ili nimwonyeshe. Nikakuta sindano moja ya kupitisha uzi imepinda, nyembamba kama mwiba wa samaki. Kiganja chake kiliiona kupitia blanketi. Tangu siku hiyo huniita Daktari, na simpendi kwa hilo hata kidogo.

Sasa niseme kinachonikera.

Haldersley haikuwa kiwanda tu. Mwingereza aliyekijenga mwaka 1897 alijenga pia nyumba ishirini na nne za matofali mekundu, kanisa dogo, nyumba ya kufulia na kengele ya kuwaamsha watu. Sisi tunaziita Safu. Mwanzo walikaa Waingereza aliowaleta kwa meli. Waliobeba marobota ya sufu walilala kwenye mabanda nyuma ya nyumba ya kufulia, na mabanda hayo hayapo tena hata kwenye picha. Miaka ilipita, Waingereza wakaondoka, Safu ikawa ya wanaofanya kazi: Wazulu, Wasotho, Wamsumbiji, na sisi tuliokuja na Kiswahili chetu cha kila namna. Ada ikawa kwamba anayestaafu habanduliwi. Anakaa kwake mpaka atakapotaka kuondoka mwenyewe, au Mungu atakapoamua. Hakuna aliyeiandika ada hiyo kwa sababu hakuna aliyeitilia shaka.

Mama Thérèse aliingia namba kumi na moja mwaka 1999. Binti yake Arlène alizaliwa humo. Jiko la chuma la zamani alilisugua kila Jumamosi kwa majivu na limau. Mbao za sakafu alizipaka nta akiwa amepiga magoti. Majirani waling'oa majiko wakaweka ya umeme, wakamwaga saruji juu ya mbao, na nani awalaumu. Yeye alikataa. Mwaka 2008, mambo yalipochafuka mjini na wageni wakawa wanasakwa, wenzake wa chumba cha ukaguzi walikuja kukaa kwenye baraza lake siku tatu. MaKhoza alikuja na kiti chake, sufuria yake na ulimi wake. Vijana waliopita mtaani waliuona ule ulimi unavyofanya kazi, wakapita moja kwa moja.

Miaka mitatu iliyopita kiwanda kilinunuliwa. Wamiliki wapya wana ofisi Midrand na neno moja kinywani: urithi. Wamepachika vibao vya buluu kwenye kuta, na kanisa limekuwa makumbusho yenye duka la kahawa. Mitambo miwili tu inafuma, tena ili watalii waipige picha. Na Machi mwaka huu Mama Thérèse akapokea barua. Namba kumi na moja ndiyo nyumba pekee ya Safu iliyohifadhika vizuri, na kwa hiyo itakuwa Nyumba ya Mfanyakazi, ya kutembelewa kwa tiketi. Siku ya kustaafu, saa kumi alasiri, akabidhi ufunguo.

Someni tena hapo. Wanamtoa mfanyakazi ili wafungue Nyumba ya Mfanyakazi. Kosa lake ni kuitunza. Angelivunja lile jiko mwaka 1999 wasingemgusa. Na sanamu imeshanunuliwa, nimeiona kwenye stoo: mwanamke wa plastiki, mzungu, kavaa aproni, ameshika sindano kwa mkono wa kushoto, na sindano yenyewe imepinduliwa kichwa chini. Huyo ndiye atakayekaa mbele ya jiko la Mama Thérèse. Sanamu haihitaji pa kulala, haina wajukuu wanaokuja Jumapili, haina magoti yanayouma. Shukrani ya punda ni mateke, lakini punda angalau hatozi kiingilio.

Si hilo tu. Siku makumbusho yalipofunguliwa tulialikwa, tukapewa keki. Katikati ya kanisa kuna sanduku la kioo lenye blanketi la kijivu lenye michirizi, na kibao kinachosema ni la mwaka 1898, limekaguliwa kwa mikono ya wanawake walioletwa kutoka Uingereza. Lilipatikana ndani ya kasha kuukuu, na kwa vile mtambo namba nne haujabadili mchoro wake tangu uzaliwe, wataalamu wakaridhika. Mama Thérèse akavaa miwani. Akainama mpaka pua ikagusa kioo. Halafu akacheka, akamwita mtaalamu, mama mmoja wa ofisi.

"Mama, ile blanketi ni yangu. Ni miye njo niliikaguaka, mwaka ile ya Arlène. Angaria mu kona."

Mimi nikatafsiri kwa Kiingereza: alilikagua yeye, mwaka aliozaliwa Arlène; tazama kwenye kona. Mtaalamu akatazama. Mishono mitatu ya kijani, mmoja unaikata. Akawa mwekundu, akasema kibao kitarekebishwa kwa wakati wake. Hiyo ilikuwa Februari. Nimepita tena siku ninayoandika haya, kibao kiko palepale. Kwa hiyo mwanamke ambaye kazi yake inafaa kulindwa na kioo na kengele ya wezi, yeye mwenyewe hafai kulindwa na paa la bati. Hasira niliyonayo haina tafsiri, na sitaitafuta.

Nilimuuliza Mama Thérèse niandike nini. Akanijibu:

"Andika nilifanya kazi muzuri. Na andika miye siende. Eish, Daktari, niende wapi? Mu hii nyumba njo nilizalia mutoto."

Nimeandika.

Wenzake tunamshukuru. Kwa wakaguzi kumi na wanane aliowafundisha, ambao kila mmoja alipigwa kwenye vidole kwa rula angalau mara moja. Kwa supu ya samaki wakavu aliyoileta kila tulipofiwa. Kwa kusimama mbele ya lori. Gaël na Arlène, asanteni kwa kutuazima mama yenu mchana kutwa kwa miaka yote hii.

Sasa tazama kona ya chini kulia ya karatasi uliyoshika. Usidhani ni mapambo ya mchapaji. Wiki hii, saa za chakula, Bushra, MaKhoza na wenzao wameshona nakala zote mia moja na arobaini kwa mkono, mishono mitatu ya kijani na mmoja wa kuikata. Nchi hii haimtoi mtu nyumbani kwake bila amri ya mahakama, na wamiliki wana barua tu. Hotuba zitakwisha saa tisa na nusu. Baada ya keki tunavuka uwanja, tunakwenda kukaa kwenye baraza la namba kumi na moja, kila mtu na kiti chake. MaKhoza ameshapeleka sufuria. Saa kumi watakapokuja kudai ufunguo watatukuta wote, na karatasi zetu mkononi. Kisicho na alama hakitoki getini, na chenye alama hii hakitoki kabisa.

Arlène anaelewa Kiswahili lakini hujibu kwa Kizulu, na ndiye aliyenikumbusha kwamba hapa kwetu kuna namna mbili za kuagana. Anayeondoka huambiwa hamba kahle, nenda salama. Anayebaki huambiwa sala kahle, baki salama. Ukurasa wa Kiingereza umemwambia aende salama. Huu hausemi hivyo. Mama Thérèse, tunakutakia maisha mema, marefu, mbele ya jiko lako.

Sala kahle.

Burhani Shehe, fundi wa mitambo