Wafumuaji wa Mwilini

Jioni hiyo Fundi Sindano alifika kijiweni, kwenye benchi la nje ya kinyozi, uso umemkunjamana kuliko nguo za wateja wake. Alikuwa ametoka hospitali na mdogo wake, akamwacha nyumbani. Huyo mdogo mtu ana miaka thelathini na mbili tu, lakini kichwa chote ni mvi, ngozi imembana usoni, macho yameingia ukungu, na watoto wa mtaa humwamkia kama babu yao. Leo daktari alikuwa amewaeleza ugonjwa wenyewe. Maelezo hayo Fundi aliyabeba njia nzima bila kujua ndani yake mna nini.

— Haya, tuambie, alisema Redio, kinyozi asiyejua kunyamaza. Amerogwa?

— Hajarogwa. Daktari anasema mwilini kuna nyuzi mbili zimesokotana. Hiyo ndiyo DNA. Seli ikitaka kuzaa seli nyingine, lazima nyuzi ziachanishwe, kila moja inakiliwe. Kuna vimeng'enya vya kuzifumua, vinaitwa helikesi. Basi vinashirikiana, sijui vinashikana. Aina moja, kwa mdogo wangu, ni mbovu, ndiyo maana anazeeka upesi.

— Vinashikana vipi?

— Ndipo nilipopotea.

— Mbona rahisi! alidakia Breki, dereva wa lori aliyestaafu. Hiyo ni zipu. Kimoja huku, kingine kule, vinafungua.

— Zipu gani ina vichwa viwili? aliuliza Redio.

— Ya begi langu.

— Acha begi lako, alisema Redio. Mimi nimesikia vinakaa sita, duara, kama nati. Uzi unapita katikati.

— Nati inafunga, bwana!

— Ukizungusha kinyume?

— Kwa hiyo ya mdogo wake inazunguka kinyume cha kinyume?

Fundi alishika kichwa. Alikuja na fundo moja, sasa yalikuwa matatu.

— Na kama vinafumua kila siku, Breki aliendelea, mbona hatujabaki nyuzi tupu barabarani?

— Wewe unafumuka, mzee, alisema Redio. Hicho kipara ni nini?

— Kipara ni helikesi?

— Kipara, mvi, usahaulifu. Hata ndoa yako ilifumuka hivyo hivyo!

— Nyie! alikemea Mama Birika, muuza kahawa. Mwenzenu ana mgonjwa.

Wakanywea. Breki akauliza kwa sauti ya chini:

— Kwani atapona?

— Macho watayatibu, moyo wataufuatilia. Huko kwenye kufumua, hawana la kufanya.

Fundi hakuwaambia yaliyobaki. Daktari alipouliza, "Mmeelewa?" yeye ndiye aliyejibu "Ndiyo" haraka haraka, kwa sababu mdogo wake alikuwa akimtazama yeye, si daktari.

Mara mdogo mtu mwenyewe akatokea, anakuja polepole na fimbo yake. Breki, pamoja na miaka yake yote, aliinuka kwa heshima.

— Shika... alianza, akajiuma ulimi. Shika nafasi hapa, bwana mdogo.

Mgonjwa alicheka mpaka akakohoa. Akaketi, akapokea kikombe.

— Najua mnanijadili. Kaka, wewe ulimwelewa daktari. Nieleze kitu kimoja tu. Hivyo vinavyofanya kazi pamoja, kimoja kikilemewa, vingine hukingoja au huenda zao?

Fundi alitamani sana kusema hukingoja.

— Sijui, mdogo wangu. Pale nilikuwa naitikia tu. Sikuelewa kitu.

— Hata wewe?

— Hata mimi.

— Basi afadhali, alisema mdogo wake, akamwegemea begani. Nilidhani ni mimi peke yangu.

Mama Birika aliinamisha birika. Yalitoka matone mawili na mashapo.

— Kahawa imekwisha, jamani.

Hakuna aliyeinuka.