Kitanda cha Mama Sidi

Enyi kusanyiko la Muyeye, tegeni masikio; aliyeshika kikombe na akitue, na mwenye kicheko akimeze. Leo asubuhi, jua likiwa limekwisha kupanda, paa la makuti la Mramba liliangukia ndani ya nyumba yake. Lilianguka pasipo mvua wala upepo. Mama yake mzazi, Mama Sidi, alitolewa kitandani akiwa hai, mvi zake zikiwa zimejaa vumbi. Rehema iliyoje! Lakini Mramba hakuwa na nguvu za kuifurahia. Alikuja kwenye benchi la kahawa, kwa wenzake wa kila siku, akaketi, kipande cha kuti kikiwa kimenasa nyweleni.

— Sijaona, wallahi sijaona! alisema Mangi, ambaye walimwita Injinia tangu alipobeba zege kwenye hoteli moja ya ufuoni. Si juzi tu tumeliongezea makuti? Lilikuwa linang'aa!

— Lilikuwa zuri kuliko yote mtaani, Mramba alijibu kwa sauti isiyokuwa yake.

— Basi ni ndege.

— Ndege gani? Kunguru?

— Ndege ya abiria, bwana! Uwanja hauko mbali. Kila ikishuka, kamba zinalegea, zinalegea, mwisho zinachoka.

Thuku, muuza mitumba kutoka bara, ambaye ubishi wake ulimpa jina la Wakili, alipiga benchi kofi.

— Napinga! Hiyo ndege inapita juu ya nyumba yangu pia. Mbona paa langu liko?

— La kwako ni mabati, Wakili. Mabati hayana masikio.

— Hayana masikio, lakini yanavuja, Thuku alinong'ona, akainamia kikombe chake.

— Nyinyi mnacheza, alisema Ziro, aliyeitwa Nabii kwa kuwa hutabiri mvua na jua likawaka. Huu ni mlingoti wa simu. Popo wakipigwa na yale mawimbi huwa wazito. Sasa kundi zima likilala juu ya paa moja...

— Wazito kiasi gani?

— Kama mbuzi!

Benchi likalipuka kwa kicheko. Mramba hakucheka.

— Mama angekufa, alisema. Mnanisikia? Mama yangu angekufa chini ya paa nililolifunga kwa mikono hii.

Kicheko kikakatika.

— Pole, ndugu yangu, alisema Mangi. Mola amemsitiri. Nusu ya upande wa jikoni bado imesimama. Jioni tunakuja sote, tunaongeza makuti juu yake, mama anapata pa kulala.

Ndivyo walivyofanya siku zote, wapendwa. Kila masika ilipokaribia, walipanga makuti mapya juu ya yaliyooza, kwa sababu kung'oa kunachosha na kufunika kunapendeza. Paa likanenepa. Nje lilipambwa kama bibi harusi, na ndani, mahali pasipotazamwa na mtu, mchwa walikuwa wakizila boriti zilizobeba uzito wote ule.

Hapo akafika Cherop, mpangaji mgeni wa nyumba ya jirani, akiwa na chupa mkononi.

— Shikamooni.

— Marahaba, mwanangu.

— Naomba kahawa ya Mama Sidi. Nimemkalisha kwangu, hajaacha kutetemeka. Kisha akamgeukia Mramba: Samahani, mzee wangu, mimi ni mgeni, wacha niulize. Kitanda cha mama kilikuwa kimebana mlango, tukampenyeza nje kiubavu. Kwa nini kiliwekwa pale?

Injinia akamtazama Wakili, Wakili akamtazama Nabii.

Mramba alilijua jibu. Hapo kwanza kitanda kilikuwa dirishani. Paa lilipoanza kutona, alikiinua akakipeleka katikati, akaweka beseni pale palipovuja. Katikati pakavuja, akakipeleka ukutani. Ukutani pakavuja. Na kila mara mama yake alisema, "Asante, mwanangu." Alikisogeza kitanda mpaka nyumba ikaisha.

— Basi huo ni muujiza! alisema Ziro. Mlango ndio uliolizuia paa lisimponde!



— Kitanda cha watoto wangu nacho kiko mlangoni, alisema Thuku polepole.

Mramba alisimama.

— Hatuongezi makuti, Injinia. Lete panga. Ile nusu iliyobaki tunaishusha yote.

— Na mama atalala wapi?

— Kwangu, alisema Cherop. Hadi mtakapomaliza.

Nawe unayemhukumu Mramba, nyamaza kwanza. Alimpenda mama yake. Ila upendo wake ulitazama beseni, haukuinua macho. Nuhu hakuanza kuchonga mbao siku ya gharika. Leo ni kukavu. Ingia nyumbani mwako mchana, funga mlango, uinue uso wako: ukiona mwanga, paa limekwisha kusema nawe. Panda, uidunge boriti kwa kisu. Kikizama kama kwenye muhogo uliopikwa, usiifunike kwa kuti jipya, ewe ndugu yangu. Ishushe, ungali na mama wa kumhifadhi. Kisha ukirudishe kitanda chake dirishani.