Fundi Springi Alisema Siku ya Kwanza

Tunayemzika leo alizaliwa tarehe 3 Juni 1983, katika nyumba ya vyumba viwili nyuma ya matanki ya maji, mtoto wa pili na wa mwisho wa fundi bomba na mshona mashuka. Alikuwa mtoto asiyetulia. Mama yake husema kila alipomwogesha, aliyelowa ni yeye mama na mtoto alibaki mkavu. Dada yake, ndiye huyu anayewasomea, alipewa kazi ya kumchunga, na kazi hiyo hakuwahi kuistaafu.

Alianza shule Januari 1991. Mwaka uliofuata, akiwa na miaka tisa, alianguka darasani katikati ya somo la hesabu. Kuanzia hapa wasifu huu utasema kifafa. Baba mdogo, mwenyekiti wa kamati ya mazishi, alishauri tuandike "baada ya kuugua kwa muda mfupi", kama wanavyoandikiwa watu wengine wenye heshima zao. Mjane akamuuliza, "Muda mfupi gani, baba? Miaka thelathini na moja?" Baba mdogo akakohoa, akaomba maji. Basi tumeandika kifafa.

Mwalimu alimhamishia dawati la mwisho karibu na mlango, ili ikitokea tena iwe rahisi kumtoa. Wenzake walikikimbia kikombe alichonywea. Kutoka dawati hilo hilo alifaulu kila mtihani alioletewa, na hilo la mitihani tunaomba mlishike, maana tutalirudia. Mwaka 2001 alijiunga na chuo cha ufundi, akasomea kutengeneza sofa kwa miaka miwili. Fani hiyo alichaguliwa na mama yake: haina msumeno wa umeme, haina ngazi, haina moto. Yeye mwenyewe aliifanyia utani. "Fundi wa sofa akianguka anaangukia sponji," alikuwa akisema, na alianza kucheka kabla hajafika mwisho.

Mwaka 2004 alianza kutafuta kazi. Alisaga soli miaka sita. Alikuwa na mikono ya kazi, hilo hakuna aliyebisha. Wakimpa kiti kibovu cha kumjaribu, anakirudisha kikiwa kizuri kuliko kilivyotoka dukani. Kisha linakuja swali la afya, naye anajibu ukweli, na hapo hapo nyuso zinabadilika. "Tutakupigia," wakamwambia kwenye duka la makochi. Hadi leo hawajapiga, na simu yake tunayo nyumbani, imejaa chaji. Sehemu moja wanatengeneza vitanda vya wagonjwa. Wale nao walimwambia wanahitaji mtu mzima wa afya. Alirudi nyumbani akatusimulia hilo huku akicheka, lakini chakula hakukigusa.

Tarehe 11 Februari 2010 aliitwa kwenye usaili katika karakana ya samani iliyo mkabala na kituo cha mafuta. Safari hii alikuwa ameapa kusema mwenyewe kabla hajaulizwa, liwalo na liwe. Aliweka vyeti vyake mezani, akakaa kwenye ncha ya kiti. Bosi hakuvigusa vile vyeti. Alikuwa akilalamika juu ya mitihani ya ufundi na vijana wa siku hizi wasiopenda kusoma, ila marehemu hakuwa akimsikia, alikuwa anapanga maneno yake kichwani. Alichokinasa ni mkia tu wa mazungumzo.

"Na wewe je, umewahi kuanguka?"

Hakuamini masikio yake. Mtu kamrahisishia mzigo wote!

"Nimeanguka, bosi. Mwaka juzi mara mbili, mwaka jana mara moja."

"Mara tatu! Na ukianguka unafanyaje?"

"Nainuka. Najipangusa, naendelea na kazi."

Bosi alicheka mpaka akavua miwani. "Huyu ni springi huyu! Ukimkandamiza anaruka juu. Njoo Jumatatu."

Ndiyo asili ya jina la Fundi Springi. Siku ile aliingia nyumbani anapiga kelele tangu getini: "Nimewaambia! Nimewaambia na wamenichukua!" Mama alilia. Dada yake alilia. Majirani wakadhani kuna msiba, wakaja, wakaishia kunywa chai.

Alifanya kazi pale zaidi ya miaka minane, na ilikuwa miaka yake mizuri kuliko yote. Hakuficha kitu, angeficha nini wakati bosi anajua? Saa sita mchana alimeza kidonge chake mbele za watu. Bosi alimwona mara kibao akimeza, hakuuliza. Kumbe yeye alidhani ni vidonda vya tumbo. Aliwahi kuanguka mara chache nyuma ya marundo ya sponji, na aliyemwona ni mama mmoja, mkata sponji, ambaye alifundishwa na marehemu la kufanya: mlaze ubavu, weka kipande cha sponji chini ya kichwa, kaa naye, usimtie kitu mdomoni. Wengine wakiuliza, mama huyo aliwajibu, "Springi katoka kidogo, anarudi." Na kweli alirudi, akashika nyundo yake.

Alifunga ndoa tarehe 14 Aprili 2012. Kabla ya kuposa alimkalisha binti wa watu kwenye benchi la kituo cha basi, akamweleza ugonjwa wake mwanzo hadi mwisho, jasho linamtoka. "Mimi huanguka," akamalizia. Binti akafikiri kidogo. "Mimi hukoroma," akasema. "Tena vibaya." Wakaelewana. Mashemeji walinuna mwaka mzima, kisha wakaanza kuleta makochi yao yashonwe bure. Mungu aliwajalia mabinti wawili.

Novemba 2018 unga ulimwagika. Alianguka katikati ya chumba cha maonyesho, mbele ya wateja waliokuwa wakichagua sofa ya kona. Wateja, mguu niponye. Alipozinduka aliitwa ofisini, suruali bado mbichi.

"Miaka minane unanificha!"

"Nilikuambia, bosi. Siku ya kwanza kabisa. Uliniuliza kama nimewahi kuanguka."

Bosi akamkodolea macho. "Nilikuuliza mitihani!"

Hapo ndipo kila mmoja alipojua alichokuwa amekisikia mwenzake siku ile. Mtu mwingine angecheka, akaagiza chai, wakarudi kazini. Fundi alikuwa yule yule, mikono ile ile, na mtihani hajawahi kuanguka hata mmoja, maana vyeti vilikuwa mezani siku ile, mtu angevifunua angeona. Bosi hakucheka. Alisema, "Wewe ni mwongo," akamwonyesha mlango.

Kufukuzwa angekumeza. Alikuwa ameshazoea milango kufungwa. Hilo la uongo ndilo lililomkaba rohoni. Karakana zinasikilizana, na kila alikokwenda alikuta neno limemtangulia: fundi mzuri, ila mwongo. Yeye aliyekuwa akijisema hadi kwenye benchi la basi! Usoni alizeeka. Utani wa sponji ulikwisha. Siku moja mkewe alimbembeleza aende kujaribu sehemu mpya na awaeleze hali yake, akamjibu kwa sauti ambayo hatukuizoea: "Nikisema, hawanipi. Nilisema, wakaniita mwongo. Sasa nafunga mdomo, nione."

Alifunga mdomo, na kazi akaipata. Hiyo ndiyo dunia yetu. Mei 2021 aliajiriwa katika ghala la magodoro, kazi ya kupanga na kutengeneza yaliyochanika. Hakumwambia mtu. Kidonge cha mchana alianza kukimezea chooni. Wenzake walipoanza kuulizana anakwenda kufanya nini kila siku saa ile ile, akakihamishia jioni, na jioni nyingine akarudi hoi, akalala bila kukimeza. Mkewe aliona vidonge vinabaki, wakagombana. "Unataka nirudi kukaa kwenye stuli pale mlangoni?" alimuuliza. Stuli ile wote tuliijua: ndiyo aliyoikalia kutwa tangu afukuzwe karakana, akitazama wenzake wakienda kazini.

Tarehe 17 Agosti 2023, wakati wa mapumziko ya mchana, alikuwa peke yake kati ya magodoro, kifafa kikamshika. Alianguka kifudifudi juu ya godoro lililofungwa kwenye nailoni. Wapagazi wawili walipita na toroli. Mmoja akasema, "Fundi kachoka leo." Mwenzake akasema, "Mwache apumzike." Wakavuta mlango taratibu ili kelele zisimsumbue. Vijana hao wapo hapa. Walitusimulia wenyewe, wakilia, na hatuna kinyongo nao hata chembe. Walifanya wema kwa kadiri walivyojua. Kumgeuza tu ubavu kungetosha, na wangemgeuza mbio mbio kama wangejua. Hawakujua kwa sababu hakuwaambia. Hakuwaambia kwa sababu kuna mahali alifundishwa kwamba mtu mwenye kifafa akisema ni kosa, na asiposema ni kosa kubwa zaidi.

Madaktari wameandika kwamba alikosa hewa. Hilo ni kweli, nasi tunaongeza kwamba lilianza kabla ya tarehe hiyo.

Ameacha mjane, mabinti wawili, mama yake mzazi, dada yake, wapwa watatu, na yule mama mkata sponji, ambaye si wa damu yetu lakini tumemwandika humu na hatafutwa. Tunawashukuru majirani kwa turubai na maji, na baba mdogo kwa kusimamia shughuli hii hata pale tulipomkatalia. Tunamshukuru pia bosi wa karakana ya samani kwa kutuazima viti. Viwili vya bluu vya mstari wa mbele, ambavyo mshono wake huuoni hata ukiutafuta, alivitengeneza marehemu mwaka 2016. Kimoja umekikalia wewe, bosi. Jinafasi tu, hakivunjiki.

Wasifu kama huu huwa na maneno yake ya kumalizia, nanyi mnayangoja. Mjane ameomba tusiyasome. Ametuambia mumewe alishaombewa apumzike mara moja, akiwa bado anaweza kugeuzwa, na haoni sababu ya kuyarudia.

Kwa hiyo tunamuaga kwa maneno mengine, na tunayasema kwa sauti ili yafike hadi mstari wa mbele. Fundi Springi, hukumdanganya mtu. Uliulizwa, ukajibu.