Machela ya Mtu Mmoja

Ndani ya Noah ya abiria iendayo Mabawe, Philbert, katibu wa kamati ya mnara wa kumbukumbu wa kambi ya wakimbizi ya Lukole, alimfunulia mchoro mama aliyekaa ubavuni mwake. Laiti angemuuliza jina kwanza. Alikuwa Rozalia, mjane wa Xavery, mbeba machela wa kambi hiyo.

"Shikamoo mama. Huyu ndiye nesi Mfilipino aliyefia kambini, enzi za kipindupindu. Shujaa wetu."

Rozalia alimkagua shujaa: gauni jeupe, macho mbinguni, machela begani.

"Marahaba. Sasa huyu anasubiri kupaa? Nesi wetu alivaa gambuti, na matusi yake utingo hayawezi. Halafu machela kabeba peke yake?"

"Ni ishara tu, mama."

"Machela hubebwa na watu wanne, mwanangu! Xavery wangu alishika nyuma mpaka ugonjwa ukamchukua. Wale watatu waliobeba na nesi, Xavery akiwemo, ndio mnawazika mara ya pili?"

"Mnara ni wa shujaa, mama, si wa wabebaji."

Gari likasimama kwa Rozalia. Gunia lake la maharage likakataa kushuka.

"Shika huku," akaamuru.

Philbert alikosa pa kuweka mchoro. Akaung'ata kwa meno, akainua upande wa pili.