Baharia wa Miezi Kumi na Saba

Kijiwe chetu ni benchi moja mbele ya kibanda cha Kinyozi. Mwaka ule wa ugonjwa tulikaa kwa kuachiana nafasi, barakoa zimeshushwa kidevuni ili kahawa ipite. Asubuhi hiyo habari ilikuwa mdogo wake Kinyozi, fundi wa mitambo melini. Mkataba wake ulikuwa wa miezi tisa. Sasa alikuwa anamaliza mwezi wa kumi na saba, kwa sababu kila bandari iliwakataza mabaharia kushuka. Baba yao alizikwa, yeye akisikiliza mazishi kwenye simu. Na sasa meli yake ilikuwa imetia nanga hapa hapa kwetu, siku ya tano.

Waziri, tuliyempa jina hilo kwa kuwa hajawahi kukosa jibu, alidai mabaharia wenyewe hawataki kushuka, maana melini wanakula bure.

— Mvumilivu hula mbivu, akamalizia.

— Mbivu ya miezi kumi na saba si imeshaoza? Kinyozi akamjibu.

Mstaafu, karani wa zamani wa forodha, akaleta yake: ugonjwa unasafiri na chumvi, basi nguo za baharia zianikwe mwaka mzima kwanza. Waziri hakukubali kupitwa. Akasema wengi wao walishakufa, hizo simu ni sauti zilizorekodiwa.

Kinyozi akaweka kikombe chini. Akatueleza taratibu kwamba nduguye alipiga juzi. Haulizi tena atarudi lini. Anauliza kama mlango wa nyumbani bado ni wa kijani. Mwenzake wa chumba aliacha kula, kisha akaacha kuongea. Sasa wanamlinda kwa zamu asisogelee ukingo wa meli.

Mstaafu akasema sheria ni sheria, na asiyekuwepo na lake halipo.

Ndipo akafika mke wa baharia, kwa miguu kutoka bandarini. Alikuwa amesimama nje ya uzio tangu alfajiri. Alimwona mumewe juu kule melini, mdogo kama kidole, akipunga shati. Saa nne meli iliondoka. Kinyozi akampisha akae; hakukaa.

— Shemeji, mchele wote umeshushwa. Wapakuzi wamepanda na kushuka. Yeye ana kosa gani?

Waziri akatazama kahawa yake. Mstaafu akatazama barabara. Kinyozi alifunga kibanda, akamsindikiza shemeji yake nyumbani.