Leland Wautlet, Mfungaji wa Winchi

Bwana Leland Wautlet anastaafu Ijumaa, tarehe 31 Oktoba, baada ya miaka thelathini na minane katika karakana yetu ya boti. Aliingia Aprili 1987, akitokea kukamua ng'ombe kwa baba yake.

Alianza kwa kukwangua matumbo ya boti. Baadaye alikabidhiwa winchi za kuzamishia chambo, zile zenye waya na tufe la madini ya risasi la ratili kumi, ambazo wavuvi wa samoni huzichomeka kwenye vishikio vya fimbo za kuvulia ukingoni mwa boti. Sijui amefunga ngapi. Ninachojua, hakuna hata moja iliyoanguka ziwani.

Vishikio vya plastiki alivikataa. Vya chuma alivifunga kwa bolti, na bamba chini ya ukingo. Ndani ya kishikio kuna pini iliyokatiza, na mguu wa winchi una mwanya; mwanya ukikalia pini, winchi haizunguki. Akimaliza, anaishika kwa mikono miwili na kuegemea nyuma kwa uzito wake wote, naye si mwembamba.

"Umemaliza kukamua, Leland?" wenzake walimtania.

"Bado. Huyu mgumu."

Julai 2009 binti yangu Noreen alipata kazi kwenye boti ya Kapteni Duane Skala. Mahali pake palikuwa nyuma, kando ya winchi, na mimi usingizi sikuupata. Kazi yangu ni kushona maturubai, lakini asubuhi moja niliona winchi ile inacheza, nikazungushia mguu wake tepu mpaka ikakaza. Nikaridhika. Leland akapita, akaishika kwa mkono mmoja, ikazunguka mpaka ikatoka nzima. Tepu iliikazia juu tu. Mguu haukufika kwenye pini.

"Leland, wateja wangu wamesimama hapa kama nguzo!" Kapteni alifoka.

"Wape kahawa, Duane. Haiondoki hivi."

"Nani kafanya upuuzi huu?"

"Mimi," Leland alijibu.

Nami nilikuwa hapo hapo, sindano mkononi, nikanyamaza.

Alibandua tepu, akaikalisha winchi kwenye pini, akaegemea. Saa tano, wakiwa ziwani, tufe likanasa kwenye mbao za meli iliyozama, boti ikavutwa kinyumenyume hadi maji yakapanda nyuma. Winchi ilipinda lakini haikung'oka, mpaka Kapteni akaukata waya kwa koleo. Ingezunguka, ingempiga Noreen kifuani. Alirudi akilalamika njaa.

Hata hivyo mashtaka ya Kapteni yalikuwa yamefika ofisini, Leland akaandikiwa barua ya onyo, ya pekee katika miaka yake yote. Nilipomwambia nitakwenda kusema ukweli, alinikatiza:

"Darlene, mwaka huu wanapunguza watu, na wewe una watoto watatu. Mimi hawanipunguzi. Nenda kashone."

Nikaenda, nikashona, miaka kumi na sita.

Jumatatu iliyopita nilikwenda ofisini nikaeleza yote. Barua imetolewa kwenye faili lake, imetiwa kwenye langu. Kwa hiyo, Leland, unaondoka bila doa, na usianze kubishana, jambo limeshaandikwa.

Asante kwa kazi yako, na kwa binti yangu. Sote wa karakana tunakuombea afya, wewe na mkeo Bi Marcelle, na miaka mingi ya raha.

Darlene Kostichka, chumba cha maturubai